Kapeti ya gari imelowa: tafuta maji yanapoingilia kabla ya kupaka gundi

Kabla ya kushika bisibisi, jua ni maji gani. Kapeti ikilowa siku za jua, gari halijanyeshewa wala kuoshwa, achana na kioo na raba za milango. Maji safi yasiyo na harufu, miguuni mwa abiria wa mbele, mara nyingi yanatoka kwenye AC iliyoziba mpira wa kutolea maji. Yakiteleza vidoleni, yana harufu tamu na kioo kinashika ukungu wa mafutamafuta, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini): rejeta ndogo ya hita inavuja.

Kupima AC, iwashe dakika 15 gari likiwa limesimama. Kukiwa na joto la unyevu na hakuna tone chini, umepata jibu. Pitisha uzi wa nailoni wa kukatia nyasi kwenye mpira ukianzia chini, taratibu. Upepo wa kompresa unaweza kuuchomoa kwa ndani.

Kama ni maji ya mvua:

1. Chomoa betri, subiri dakika chache (viti vingi vina nyaya za eabegi), toa viti, inua kapeti. Sponji ya chini hunywa maji mengi. Isipokauka kabisa hutatofautisha maji ya jana na ya leo.

2. Tandaza magazeti makavu sakafuni na kwenye buti. Chini ya dashibodi paka poda. Maji yakipita yataacha mchirizi.

3. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie kwa bomba la kawaida, dakika 5 kila sehemu, kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia kwenye paa, maji yatateremka kila upande na hutajua kitu. Mashine ya presha usiiguse, inapenyeza maji hata kwenye raba nzima.

Mlango ndio unaosumbua mafundi wengi. Maji kuingia ndani yake kupitia pembeni mwa kioo ni kawaida. Yanatoka nje kupitia vitundu vya chini ya mlango. Kinachoyazuia yasifike kapeti ni nailoni iliyo nyuma ya kava, na aliyetengeneza spika au mota ya kioo huwa anaichana na kuiacha hivyo. Irudishe kwa utepe wa butili (utepe laini wa raba unaonata), kisha zibua vitundu. Selotepu haidumu.

Chini ya waipa, ondoa majani yaliyoziba mifereji. Kwenye buti, angalia raba za taa za nyuma. Ukikaza nati kupita kiasi plastiki inapasuka.

Kioo cha mbele kikivuja, hasa kama kiliwahi kubadilishwa, kitolewe, kutu isuguliwe na kupakwa praima, kibandikwe upya kwa gundi ya poliyurethani. Silikoni yenye harufu ya siki inakula bati, na mabaki yake yanazuia gundi nyingine kushika.

Gundi ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, mwagia tena palepale dakika 10. Soketi zilizo chini ya kapeti zikiwa na ukijani, zisafishe kwa dawa ya kontakti kabla ya kurudisha betri.