Somo: Pikapu ya zamani inashika breki yenyewe, ni presha au ni chuma?

Wakuu, pikapu ikiwa nzito kuondoka, inakunywa mafuta kuliko kawaida, na kwenye mteremko mdogo ukiweka nyutro haitaki kujiendea, kuna breki haiachii. Wengi wetu hukimbilia kununua kalipa, kile kifaa chenye pistoni inayobana pedi kwenye diski. Mimi nilibadilisha zote mbili za mbele, na siku ya tatu gurudumu la kushoto likafuka moshi tena. Kumbe ilikuwa hosi, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, ya tangu gari linatoka kiwandani.

Hatua ya 1. Tafuta gurudumu lenyewe. Endesha kama kilomita 10, ukikanyaga breki pale tu inapobidi, kisha simama. Usiguse rimu kwa kiganja, utaungua. Dondoshea maji: linalochemka ndilo. Linganisha kushoto na kulia, si mbele na nyuma, kwa sababu breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi.

Hatua ya 2. Weka vizuizi, piga jeki, kalisha gari kwenye stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Diski kusugua kidogo ni kawaida. Likiwa limebana, endelea hapohapo. Likipoa linaweza kuachia na ukakosa ushahidi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penyewe. Vaa miwani, kisha legeza nipo (skrubu ndogo yenye tundu) ya kutolea upepo ya gurudumu hilo, robo mzunguko tu. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likawa jepesi, kuna presha iliyonaswa. Yakichuruzika tu na gurudumu bado limebana, ni chuma: pistoni yenye kutu, pini za kalipa zilizokauka grisi, au kwa nyuma, kebo ya handibreki isiyorudi.

Kama ni presha, funga nipo, kanyaga breki ibane tena, halafu legeza nati pale paipu ya chuma inapoungana na hosi. Likiachia, tatizo liko juu, kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) au pedeli yenyewe. Likigoma, na ukifungua nipo linaachia, hosi imevimba ndani. Usidanganywe na sura yake ya nje. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenye tundu jembamba, lakini kinachoyarudisha ni sili (mpira) ya pistoni tu, nayo haina ubavu huo.

Yakibana magurudumu yote, legeza nati zinazofunga masta silinda kwenye boosta (kisaidizi cha nguvu ya mguu), uivute mbele milimita chache. Yakiachia, fimbo ya kusukumia ni ndefu mno au pedeli hairudi mpaka mwisho. Yasipoachia, shuku masta yenyewe. Ukimaliza vipimo, kaza kila ulicholegeza na utoe upepo kabla ya kuingia barabarani.

MASWALI

Swali: Fundi, asubuhi gari jepesi kabisa. Baada ya nusu saa pedeli inakuwa ngumu na zote zinabana. Ni hosi?

Jibu: Zote kwa pamoja, sidhani. Ndani ya masta kuna kitundu cha kurudishia mafuta kwenye chupa ya mafuta ya breki. Pedeli isiporudi kabisa kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda. Anza na swichi ya taa za breki. Ikirekebishwa vibaya huizuia pedeli kurudi.

Swali: Mkuu, nimeinua nyuma yote, nyutro. Nikizungusha tairi moja la pili linakwenda kinyume, na kuna uzito.

Jibu: Hiyo ni difu (gia za katikati ya magurudumu ya nyuma), kaka, haina shida. Uzito ni wa gia, ekseli na oili yake. Cha kusikiliza ni mkwaruzo ndani ya dramu ya breki. Ukifungua, usipulize lile vumbi. Kwenye magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto.

Swali: Kijana wangu aliongeza oili ya pawa stelingi kwenye chupa ya breki. Kidogo tu, kama kijiko. Sasa zote zinashika.

Jibu: Pole, kijiko kinatosha. Usiliendeshe. Dondoshea mafuta hayo kwenye glasi ya maji: ya breki, aina ya DOT 3 au DOT 4, huchanganyika, oili huelea. Kisha tazama mpira wa kifuniko cha chupa. Ukiwa umevimba hadi haukai mahali pake, sili zote za ndani zimeshavimba hivyohivyo: masta, kalipa, silinda za nyuma na hosi zote ni za kubadilisha, na paipu za chuma zioshwe.