Kondo la Nyuma Likikaa Chini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Siku ya Kujifungua

Karatasi ya utrasaundi ya wiki ya 20 ikisema kondo la nyuma limekaa chini, usiichukue kama hukumu. Mji wa mimba bado unakua, na unapotanuka kwenda juu kondo nalo linazidi kuwa mbali na mlango wa kizazi. Kwa wanawake wengi, likipimwa tena wiki ya 32 linakutwa limeshapanda. Ninaowaandikia hapa ni wale ambao kipimo cha pili, au kile cha wiki ya 36, kimelikuta palepale, na sasa nyumbani maneno ni mengi: apasuliwe, au ajaribu kuzaa kawaida?

Kwa kondo lililoziba mlango kabisa, hapo hakuna la kujadili. Mtoto hana pa kupita. Bibi mmoja wa Tongoni aliyemsindikiza mjukuu wake kliniki aliuliza mbele ya benchi zima, "Kwani mtoto hawezi kulisukuma kidogo akapita ubavuni?" Lilikuwa swali zuri, maana wengi wanalo moyoni na wanaona haya kuuliza. Hawezi, bibi. Mlango ukianza kufunguka tu, kondo linabanduka, na damu inayomwagika ni ya mama mwenyewe. Miezi ya mwisho, damu inayopita kwenye mji wa mimba kwa dakika moja ni zaidi ya nusu lita. Ndiyo maana mama aliyeondoka nyumbani anatembea anaweza kufika hospitali hajitambui.

Kwa hiyo upasuaji ukishakuwa wa lazima, yanayobaki kuamuliwa ni mengine: hospitali gani, siku gani, damu itatoka kwa nani, na nani atasema ndiyo kama mume hapatikani kwenye simu. Hayo yaamuliwe mapema, mama akiwa mzima na akili za watu zimetulia.

Anza na karatasi yenyewe. Wengi tunaikunja tunaitia ndani ya kadi ya kliniki bila kujua imesema nini. Mwombe daktari akuoneshe mstari unaotaja plasenta, yaani kondo la nyuma, na akueleze mambo mawili. La kwanza, ukingo wa kondo uko umbali gani na mlango. Ukiwa zaidi ya milimita 20, mara nyingi kuzaa kawaida kunawezekana, ila iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Ukiwa chini ya hapo bila kuziba, hatari ya kutoka damu inaongezeka, na hilo la kukaa na daktari mkalizungumza kwa kirefu. La pili, limejishika mbele au nyuma. Kama uliwahi kupasuliwa na kondo limekaa chini upande wa mbele, juu ya kovu, sema hivyo hata usipoulizwa. Kondo linaweza kuota ndani ya kovu likagoma kutoka, na kila upasuaji uliopita unaongeza uwezekano huo. Hali hiyo inataka daktari bingwa wa wanawake na damu ya kutosha. Haifai kugunduliwa mama akiwa tayari mezani.

Damu ya kondo la chini haina maumivu. Hilo ndilo linalowaponza watu. Mama anaamka alfajiri anakuta kanga imelowa, nyekundu mbichi, tumbo haliumi, mtoto anacheza, na baada ya saa moja imekata. Wifi anasema imepita hiyo, jipumzishe. Haijapita. Ya kwanza mara nyingi huwa kidogo, na hakuna anayejua ya pili itakuja kiasi gani. Hata tone likionekana, safari ya hospitali inaanza muda huohuo.

Na ukifika, neno la kwanza mlangoni, kabla ya jina lako, liwe hili: "Nina kondo chini, nisipimwe kwa kidole." Mwambie muuguzi wako wa kliniki aliandike kwa wino mwekundu juu ya kadi. Kidole kikiingia kuangalia njia kinaweza kulitoboa au kulibandua kondo. Kwa sababu hiyohiyo, tendo la ndoa lisimame mpaka baada ya uzazi, na mama anayekuja kukanda tumbo aambiwe kwa heshima kwamba mimba hii haikandwi. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu ziachwe kabisa. Najua wanaozitoa wanampenda binti yao, lakini hapa uchungu ndio tunaoukimbia.

Sasa hospitali. Vituo vya afya vingi siku hizi vinapasua, na ni jambo la kushukuru, lakini kwa kondo lililoziba mlango hilo pekee halitoshi. Uliza mambo matatu: damu ipo hapahapa ndani ya jengo? Mtaalamu wa usingizi yupo usiku? Mtoto akizaliwa mdogo ana pa kuwekwa? Kwa mkoa wetu wa Tanga, wengi hupewa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na wa Muheza wana Hospitali Teule. Usingoje rufaa ya dharura. Omba ya mapema, uende ukafunguliwe faili, uonwe na daktari, upangiwe tarehe. Kama damu haijawahi kutoka, upasuaji kwa kawaida hupangwa wiki ya 36 hadi 37, kabla uchungu haujaanza wenyewe. Ikionekana mtoto huenda akazaliwa kabla ya wiki ya 34, kuna sindano anazochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Ziulizie.

Anayekaa Ngamiani au Makorora anachukua bajaji na muda si muda yuko Bombo. Anayekaa Pangani ana takriban kilomita 50, na aliye Bweni ana mto kabla ya hizo kilomita, na akitegemea kivuko, kina saa zake. Wa milimani Lushoto kwanza ateremke makona yote mpaka Mombo, na wakati wa masika barabara za vijijini tunazijua. Kwa hao nasema bila kuzunguka: kuanzia wiki ya 34 mama ahamie karibu na hospitali. Kwa shangazi, kwa somo yake, kwa yeyote mwenye chumba na moyo. Aende na mtu mzima wa kulala naye, maana mgeni mjini usiku hajui hata kumwelekeza dereva. Na kama daktari amesema alazwe asubiri wodini, familia isimtoe kwa sababu "anaonekana mzima". Mwenye kondo chini huonekana mzima mpaka dakika ile damu inapofunguka.

Kwa usafiri wa dharura kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, nao wanapanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Namba hiyo iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumba, hata kijana wa darasa la sita. Pamoja na hiyo muwe na dereva wenu mmoja mliyeongea naye kabla, anayeijua nyumba na asiyezima simu usiku. Bodaboda si chombo cha mwanamke anayetoka damu, asije akazimia njiani akaanguka.

Damu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Hospitali hutumia ya benki ya damu, na ndugu huombwa kuchangia ili benki isikauke. Jueni kundi la damu la mama, na kama ni hasi mjue mapema zaidi, kwa sababu wenye kundi hasi kwetu ni wachache. Kisha baba aanze kuzunguka kwa jamaa kabla siku haijafika. Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na mwanamume awe amepitisha miezi mitatu tangu alipotoa mara ya mwisho, mwanamke minne. Ukihesabu ndugu kumi, utashangaa wanaobaki baada ya kuondoa mwenye presha ya juu, anayenyonyesha na aliyetoka kuugua. Ndiyo maana natilia mkazo mapema. Mama naye ajaze damu yake mwenyewe: vidonge vya madini ya chuma ameze kila siku, ale dagaa, maharage, mchicha na matembele, na chai asogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia madini hayo kuingia mwilini. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11, mwambie daktari mapema ili utibiwe kabla ya tarehe.

Halafu kuna mazungumzo magumu, na naomba yafanywe na mke na mume, wakiwa wamekaa. Kondo la chini linaweza kuendelea kutoa damu hata baada ya mtoto kutoka, kwa kuwa sehemu ile ya chini ya kizazi haikazi vizuri. Damu ikikataa kabisa kusimama, daktari anaweza kulazimika kutoa kizazi ili mama aishi. Fomu ya ridhaa husainiwa na mama mwenyewe akiwa na fahamu zake. Lakini kama mume ni mvuvi na siku hiyo yuko majini, au mama mkwe ana lake la kusema, basi ndiyo ya wote iwe imeshapatikana sebuleni, wiki kadhaa nyuma. Muulizeni daktari kuhusu ganzi ya mgongoni na nusu kaputi, na lini atachagua ipi. Kama mnataka kufunga uzazi, hilo nalo lisemwe kabla.

Begi halina mengi: kadi, karatasi zote za utrasaundi, kadi ya bima kama ipo, kanga safi za kutosha, pedi kubwa, nguo za mtoto na kofia yake, chaji ya simu, na akiba ya fedha taslimu. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure kisera, lakini dawa au kifaa kikikosekana mtanunua dukani usiku, na duka halikopeshi.

Baada ya kupasuliwa, mama akae angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Na ikishaingia, aende kliniki mapema, aseme kwamba ana kovu na kwamba mimba iliyopita kondo lilikaa chini, na aombe utrasaundi ya kuangalia safari hii limejishika wapi.