Kubadilisha sensa ya throtoli kwa gari la Mombasa

Gari likishtukashtuka kwenye mwinuko wa feri pale Likoni, au likizimika kwenye foleni, usikimbilie kununua sensa ya throtoli, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari mlango wa hewa wa injini (throtoli) umefunguka kiasi gani. Chomoa soketi yake uitazame. Hewa ya chumvi huotesha pini ukungu wa kijani, na sensa nyingi nzima hutupwa kwa kosa hilo. Isafishe kwa dawa ya kontakti, ujaribu tena.

Likiendelea, pima volti kwa mita. Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye throtoli ya kebo, inayovutwa na waya kutoka pedali ya mafuta, kwa kawaida utakuta nyaya tatu: wa volti 5, wa ethi (hasi) na wa ishara. Pitisha pini nyembamba nyuma ya soketi. Ganda la waya usilitoboe, huku kwetu tundu hilo ni mlango wa kutu. Throtoli ikifungwa, ishara husoma takriban volti 0.5 hadi 0.9, ikifunguliwa yote, karibu 4.5. Kanyaga mafuta polepole sana. Volti zikidondoka ghafla njiani, kaboni ya ndani imelika, mara nyingi pale mwanzoni ambapo mguu hushinda. Mita ya mshale huonyesha mdondoko huo vizuri kuliko ya tarakimu. Volti 5 zisipofika kabisa, tafuta waya uliokatika. Sensa mpya haitakusaidia.

Gari lisilo na kebo ni habari nyingine: mara nyingi sensa imo ndani ya throtoli, na huuzwa vyote pamoja.

Toa waya hasi wa betri, tia alama sensa ilivyokaa. Skrubu zake mbili huwa zimeshikana. Nyunyizia mafuta ya kulegeza, ngoja robo saa, tumia bisibisi inayojaa kichwa sawasawa. Kichwa kikilika, throtoli nzima itabidi ishuke.

Sensa mpya huingia ikiwa imegeuzwa kidogo upande, kisha unaizungusha dhidi ya springi hadi matundu ya skrubu yalingane. Ikikaa upande usiofaa wa ulimi wa shafti, volti hazitasogea, au throtoli itakwama wazi. Hiyo ni hatari, kwa hiyo fungua throtoli na kuiachia kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha. Matundu yakiwa marefu, izungushe hadi usome volti zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, ndipo ukaze. Kaza kiasi tu, masikio ya plastiki hupasuka.

Rudisha betri, futa kwa skana misimbo ya hitilafu ya sensa hii, P0120 hadi P0124, acha injini ingurume dakika chache AC ikiwa imezimwa. Soketini paka grisi ya silikoni, si ile ya bearingi.