Bahari kwanza, soko baadaye: kupumzika Jomtien baada ya safari kutoka Lubumbashi

Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Bangkok kununua nguo kwenye masoko ya Pratunam au Bobae mara nyingi huweka siku za ufukweni mwisho wa safari, kama pesa zitabaki. Ushauri wetu ni kugeuza: usiku mbili au tatu za kwanza ziwe za bahari, halafu soko. Aliyelala vizuri huhesabu madazeni bila kukosea, na huona mshono mbovu kabla hajalipa. Isitoshe, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi uko mashariki mwa Bangkok, upande uleule wa kwenda Pattaya, mji wa pwani, na Jomtien, ufuko ulio kusini yake. Unaweza kufika baharini bila kuingia mjini hata kidogo.

Maandalizi huanzia nyumbani. Mwenye pasipoti ya Kongo huombwa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, akiingia Thailand, na chanjo yenyewe lazima iwe imepita siku 10. Kadi ikae mkononi pamoja na pasipoti, isifungwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ukishuka, tafuta kwanza dawati la afya, wakague kadi, ndipo uende foleni ya uhamiaji. Anayekimbilia uhamiaji moja kwa moja hurudishwa, akaanza foleni upya na miguu imevimba. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia inayojazwa kwenye intaneti ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni ya bure. Tovuti inayodai pesa kwa ajili ya fomu hiyo si ya serikali.

Beba noti safi za dola 100, kwa maana noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini, na franka za Kongo huwezi kuzibadilisha huko. Chaja yenye pini mbili za duara inaingia kwenye soketi za Thailand. Ile ya pini tatu bapa iliyonunuliwa upande wa Zambia haiingii, basi chukua adapta.

Mabasi ya Jomtien huondokea uwanjani hapohapo, ghorofa ya chini. Tiketi ni chini ya baht 200 (baht ni pesa ya Thailand) na safari huchukua muda wa saa mbili hivi. Teksi ni zaidi ya baht 1,000. Usiunganishe na ndege ya Phuket, kisiwa cha pwani ya magharibi, siku hiyohiyo. Uwanja mwingine na foleni nyingine vitakula usiku ulioutaka kwa ajili ya kulala, na kuanzia Mei hadi Oktoba bahari ya upande ule huchafuka sana. Ukiweka chumba, chagua kisichotazama barabara ya ufukweni, hata kama hakioni maji. Bahari utaiona mchana. Usiku unahitaji kimya.

Sasa usingizi, ambapo wengi hujiharibia mapumziko. Thailand iko mbele ya Lubumbashi kwa saa tano. Saa nne usiku Jomtien, mwili wako bado uko saa kumi na moja jioni ya nyumbani, wakati wa kutoka kazini. Ndege za kupitia Addis Ababa mara nyingi hufika Bangkok mchana, na kosa kubwa ni kuanguka kitandani mara tu unapopewa ufunguo. Ukilala kwa muda wa saa tatu jioni hiyo, utakodoa macho hadi alfajiri. Basini sinzia, lakini weka kengele ya dakika 20 au 30. Ukifika, oga, vaa nguo nyepesi, tembea mchangani hadi giza liingie. Kula kidogo. Kahawa na chai ziishie adhuhuri. Saa nne au tano usiku lala, kiyoyozi kikiwa nyuzi 25 au 26. Wengi hukishusha hadi 18 kwa sababu joto la pwani lina unyevu ambao Lubumbashi, kule juu kwenye mita 1,200 hivi, haiujui; asubuhi huamka na koo kavu na kichwa kizito.

Ukizinduka saa tisa usiku, usiwashe simu. Asubuhi ya kwanza acha mapazia yamefungwa mpaka saa nne. Kwa wengi ushauri huu ni mgeni, lakini una sababu. Saa tatu asubuhi ya Jomtien mwili wako unadhani ni saa kumi alfajiri, na mwanga mkali unaokuja kabla ya saa hiyo husukuma saa ya mwili nyuma, upande usioutaka. Unaokuja baadaye huivuta mbele. Basi kuanzia saa nne hadi saa saba mchana kaa nje, chini ya mwavuli au mti, si juani. Siku ya pili toka saa tatu, ya tatu saa mbili. Mwili husogea kama saa moja kwa siku.

Jambo moja litakufurahisha: jioni, Wathai wa kawaida huhesabu saa kama sisi. Saa mbili usiku kwao ni «song thum», na «song» ni mbili. Mwenyeji akikuambia chakula ni song thum, usipige hesabu yoyote.

Miguu iliyovimba yote miwili baada ya ndege si ajabu. Lala chali, iinue ukutani dakika 20, kunywa maji ya chupa, kisha tembea. Ila mguu mmoja ukivimba peke yake, shavu la mguu likauma na kuwa la moto, usikubali ukandwe: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuing'oa iende mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Miguu ikiwa salama, anza na kukandwa nyayo kwa saa moja, baht 200 hadi 300 hivi, jioni ya kwanza. Masaji kamili ya Kithai huvuta viungo na kukunja mgongo. Iache hadi siku ya pili. Mkono ukiwa mzito sema «bao bao», yaani polepole. Kunyamaza kwa heshima kutakuachia maumivu ya siku mbili.

Baharini, tazama bendera kwanza. Nyekundu maana yake usiingie, hata maji yakionekana ya kuogea watoto. Aliyezoea bwawa au ziwa hajui mkondo unaovuta kwenda ndani. Ukikushika, usipigane nao kurudi ufukweni. Ogelea sambamba na ufuko hadi nguvu yake iishe, ndipo ugeuke. Asiyejua kuogelea akae pale maji yanapoishia magotini. Ukichomwa na yavuyavu, yule mnyama laini kama jeli, mwagia siki kwa sekunde 30 au zaidi. Usisugue, wala usitumie maji baridi ya bombani, kwani vyote viwili hufyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi.

Chakula hakitakupa shida kama utauliza «khao niao». Ni wali unaonata, huletwa ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Unamega tonge kwa vidole, unaliminya hadi lishikane, unachovya, sawasawa na bukari, yaani ugali. Uagize na «pla pao», samaki mzima aliyejazwa mchaichai, akapakwa chumvi nene na kuchomwa polepole juu ya makaa. Gamba la chumvi hubanduliwa pamoja na ngozi, nyama ya ndani ikabaki nyeupe yenye majimaji. Sosi huja pembeni, onja kwa ncha ya kidole. Hata mlaji wa pilipili wa Katanga anaweza kuchomwa tumbo siku ya kwanza, kwa hiyo agiza «mai phet», isiyo kali.

Homa ikikushika, meza parasetamoli tu. Usiguse aspirini wala ibuprofeni, maana homa ya dengi, inayoenezwa na mbu, iko huko na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Tena mwambie daktari wazi kwamba umetoka Kongo na uombe kipimo cha malaria. Malaria uliyoondoka nayo nyumbani inaweza kujitokeza wiki moja au mbili baadaye, na daktari wa ufukweni huenda akafikiria dengi kwanza.

Siku ya kuondoka, panda basi la asubuhi kutoka kituo cha Pattaya Kaskazini hadi Ekkamai, Bangkok. Hapo panda treni ya juu hadi Chit Lom bila kubadilisha, na kutoka hapo Pratunam ni mwendo wa miguu.