Somo: Kupanga zamu za kuitwa kazini bila kumwonea muuguzi

Habari zenu, wauguzi wenzangu. Nimepanga ratiba za zamu kwa miaka mingi, na kosa langu kubwa nililifanya nikiamini natenda haki: kila mtu zamu nne za kuitwa kwa mwezi (unakaa nyumbani tayari, ukipigiwa simu unakuja), basi, tumelingana. Usiku mmoja muuguzi wa chumba cha upasuaji aliitwa mara tatu. Alitoka saa 11 alfajiri, na saa 1 asubuhi ratiba yangu ikamtaka tena wodini. Akavuta kwenye sindano dozi mara kumi ya iliyoandikwa. Mwenzake aliiona kabla haijamfikia mgonjwa. Ratiba ile niliiandika mimi.

Hatua ya 1: Hesabu miito, usihesabu zamu tu. Weka daftari la miezi mitatu: tarehe, saa ya kuitwa, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Usibadilishe chochote kabla daftari halijajaa.

Hatua ya 2: Toa alama. Sisi tuliafikiana hivi: usiku wa kawaida alama 1, wa Jumamosi au Jumapili 2, wa sikukuu 3, na kila mwito wa baada ya saa 6 usiku unaongeza 1. Mwenye alama chache ndiye anayetangulia kupangwa mwezi unaofuata. Alama zibandikwe ukutani kila mtu azione, za msimamizi zikiwemo.

Hatua ya 3: Linda usingizi. Hapa ndipo ratiba nyingi huanguka. Pendekezo Na. 157 la Shirika la Kazi Duniani, la 1977, linataka siku ya kazi ya muuguzi pamoja na saa za ziada isizidi saa 12, na apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya zamu na zamu. Utafiti wa Australia wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi wa macho na mikono sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kwa hiyo aliyeitwa kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri asiingie asubuhi, na muda huo usikatwe kwenye likizo yake. Jina la atakayeziba pengo liandikwe siku ratiba inapotoka. Bila jina hilo, kanuni hii itavunjwa wiki ya kwanza tu, maana hakuna mwenye moyo wa kuwaacha wagonjwa peke yao.

Hatua ya 4: Itangaze wiki nne kabla. Kubadilishana kuruhusiwe kwa maandishi; msimamizi akague ujuzi na mapumziko, sababu za mtu aziache.

Maswali

Swali: Mwalimu, mimi sina mume wala mtoto, basi kila sikukuu napangwa mimi. Niseme nini?

Jibu: Dada, omba orodha ya sikukuu za miaka miwili iliyopita na majina ya waliopangwa. Nawe una wazazi, una ibada, una mwili unaochoka. Sikukuu zizunguke kwa majina. Mwenye mtoto akitaka kubadilishana, akuombe, nawe uwe huru kukataa.

Swali: Uongozi unasema kukaa nyumbani na simu si kazi. Ni kweli?

Jibu: Anza na sheria ya nchi yako. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2000 kwamba daktari anayetakiwa kubaki kituoni yuko kazini muda wote, na mwaka 2018 ikasema hivyo kwa mzimamoto wa Ubelgiji aliyekuwa nyumbani lakini akitakiwa kufika kwa dakika 8. Waulize: tumepewa dakika ngapi za kufika? Dakika zikiwa chache hivyo, hata sokoni huwezi kwenda.

Swali: Tuko wanne tu, metroni. Asubuhi nani atapumzishwa?

Jibu: Sogezeni upasuaji usio wa dharura uanze saa 4 baada ya usiku mzito. Unganeni na kitengo jirani, ila kwa kazi ambazo nyote mmefunzwa. Muuguzi asiitwe kwenye jambo asiloliweza. Halafu pelekeni daftari kwa uongozi pamoja na ombi la muuguzi wa tano, mkionyesha tarehe ambazo mtu aliingia asubuhi bila kulala.