Kabla ya kufungua ekzosi ya gari nyumbani

Kazi ya kubadili ekzosi inakwama kwenye nati zenye kutu, hasa kwa magari ya Pwani ambako chumvi ya bahari inakula chuma. Kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzirudie asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Nati ikigoma, usiilazimishe kwa bomba refu juu ya spana. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, uende hivyo mbele na nyuma. Boliti ya manifoldi, yaani bomba la kwanza la moshi linalofungwa kwenye injini, ikikatikia ndani, utamhitaji fundi mwenye mashine.

Gari likae juu ya stendi imara, mahali tambarare. Jeki peke yake haitoshi, tafadhali, hata kama ni kazi ya dakika chache.

Raba zinazoning'iniza sailensa hutoka kirahisi ukizipaka maji ya sabuni. Sensa ya oksijeni, kile kipimo kilichofungwa kwenye bomba la moshi, ichomoe waya wake kabla hujashusha bomba. Gasketi, zile za kuziba maunganisho ya mabomba, nunua mpya; za zamani zimeshabonyea.

Wakati wa kufunga, ning'iniza mfumo wote ukiwa umelegea, hakikisha haugusi bodi wala shafti ya kuzungusha magurudumu, ndipo ukaze kuanzia injini kwenda nyuma. Washa gari uwanjani, si gereji iliyofungwa, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Mwagia maunganisho maji ya sabuni mabomba yakiwa bado baridi: penye mapovu panavuja.