Namna ya kumsomea kitabu mtu mwenye msiba, na kujisomea mwenyewe ukiwa umefiwa

Baba alipofariki mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na mi nikachukua likizo nikarudi Tanga kukaa nae. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa, mikeka mpaka uwani, masufuria hayashuki jikoni, mtu hupati hata nafasi ya kulia peke yako. Afu hitma ikaisha watu wakatawanyika kila mtu kwake, na usiku wa kwanza tukabaki mimi na mama na saa ya ukutani inayogonga, hapo ndo nikajua msiba wenyewe ndo kwanza unaanza. Mama alikuwa halali. Anakaa kitandani na tasbihi yake mpaka alfajiri, ukimuuliza anasema yuko sawa.

Nilichofanya ni kumsomea. Ilisaidia kuliko nilivyotegemea, na tangu hapo nimeshawasaidia watu kama watatu hivi kufanya hivohivo, kwa hiyo naandika hapa jinsi ya kufanya maana kuna makosa nliyafanya mwanzoni na wewe usiyarudie.

Kosa la kwanza ni kitabu chenyewe. Nlikuja na kitabu cha kutia moyo, vile vya hatua saba za kushinda maumivu, nikakiweka mezani kwake kwa nia njema kabisa. Kilikaa pale siku nne hakijafunguliwa. Baadae ndo nikaelewa, mtu aliyefiwa juzi ukimpa kitabu cha kumwambia namna ya kushinda huzuni ni kama unamwambia huzuni yako imezidi ipunguze. Wiki za mwanzo usimpe cha kumfundisha. Mpe cha kukaa nae. Na chepesi zaidi kukaa nacho ni kile anachokijua tayari, alichokisoma shule, alichosomewa na bibi yake, mashairi ambayo akisikia mstari wa kwanza anaumalizia mwenyewe. Kitabu unachokijua hakikushtui na hakikudai akili nyingi, na akili ndo hamna wakati huo, muulize yeyote aliyefiwa atakwambia anasoma ukurasa mmoja mara nne na hajui kilichoandikwa. Kwa hiyo kama unajisomea mwenyewe na unajiona huwezi kusoma tena, tulia, hujaharibika, punguza tu. Beti mbili. Nusu ukurasa. Funga.

Kwetu sisi kilichofaa kilikuwa Utendi wa Mwana Kupona. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa na alikuwa anaughani vipande vipande akiwa anasuka ukili, kwa hiyo mama aliukulia masikioni japo hajawahi kuushika kama kitabu. Kama huujui, ni utendi wa mwaka 1858, Mwana Kupona, mama wa Pate kule visiwa vya Lamu, anamuusia binti yake Mwana Hashima, na anausema akiwa mgonjwa, mwenyewe anasema maradhi yameshamshika mwaka mzima umetimia. Yani ni mtu anayejua huenda asipone, anamwita mwanae aje akae karibu na wino na karatasi. Haikupita miaka mingi akafariki kweli. Sa we fikiria kitu kama hicho kinasomwa chumbani kwa mjane usiku.

Kiamu chake, yani Kiswahili cha Lamu, kigumu. Nlipofika pale anapomwita binti nikasoma "ndoo" kama ndoo ya maji, nikasita maana haikuingia akilini, na mama palepale kitandani akasema, "Njoo, mwanangu. Ndoo ni njoo." Ndo ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku ile ambayo sikuwa nimemuuliza kitu. Tangu hapo nikawa nasoma na yeye ananirekebisha, na nlichogundua ni kwamba anayesomewa akipata kazi ndani ya kile kisomo anarudi kidogo duniani. Kwa hiyo usiogope kumsomea mzee wako kitu anachokijua kuliko wewe. Tafuta hichohicho.

Sasa jinsi ya kukaa. Kaa ubavuni kwake, usikae mkatazamana, maana mkitazamana anajiona lazima akuonyeshe uso fulani. Taa iwe upande wako. Soma taratibu kuliko unavyodhani inatosha, mwisho wa kila beti vuta pumzi. Usimuulize "umeelewa?" wala "imekugusa?", na akianza kulia usiache haraka haraka ukaanza kumbembeleza, malizia ule mstari kwa sauti ya chini afu nyamaza nae. Dakika kumi na tano zinatosha. Saa iwe ileile kila siku, sisi ilikuwa baada ya isha, maana siku za eda zinafanana zote na kile kisomo kikawa ndo kitu pekee kinachotenganisha leo na jana.

Na ujue kuna siku kitabu kitagusa penyewe. Mwana Kupona ana sehemu anamuusia binti kuhusu mume, wengine siku hizi hawaipendi ile sehemu na nawaelewa, lakini mle ndani kuna ubeti anasema mume akilala usimwamshe, mpapase, na asikose mtu wa kumpepea. Nlisoma pale bila kufikiria. Mama akanyanyua mkono, basi, nikakifunga kitabu na kidole ndani. Kimya kirefu. Afu akaanza kusema wiki ya mwisho ya baba umeme ulikuwa unakatika kila usiku na joto lile la Februari, na yeye alikuwa anampepea na kipepeo cha ukindu mpaka mkono unakufa ganzi anahamishia mkono mwingine, na usiku mmoja baba akamshika kiganja akamwambia pumzika na wewe. Nilikuwa silijui hilo. Tulikuwa tumekaa wiki tatu nyumba moja na nlikuwa silijui. Aliongea zaidi ya saa nzima, na usiku ule alilala.

Ikitokea hivo usirudi kwenye kitabu siku hiyo. Watu wengi wanadhani lengo ni kumaliza kurasa. Kitabu kimeshafanya kazi yake, kimesema neno ambalo nyinyi wawili mlikuwa mnalizunguka, na ukishaona mtu ameanza kuongea ya kwake weka alama, zima taa kubwa, sikiliza. Kesho mnaanzia mlipoishia, na muulize kwanza kama pale turuke au tusome. Mama alisema tusome.

Kama unayemsomea sio mfiwa bali mgonjwa aliye wodini, mambo yanabadilika kidogo. Pale kuna kelele, kuna raundi ya madaktari, kuna dripu, kuna mgonjwa wa kitanda cha pili anaugua. Beba kitu cha vipande vifupi, ngano, mashairi, Zaburi kama ni mtu wa kanisani, kitu ambacho nesi akija mnakata katikati bila kupoteza uzi. Sauti iwe ya kumfikia yeye tu, ila mwenzie wa jirani akigeuza kichwa kusikiliza usimnyime, ongeza sauti kidogo. Mtu akiwa na maumivu makali au homa usimsomee kabisa, mshike mkono.

Mtoto aliyefiwa nae msomee, na atataka hadithi ileile. Mpwa wangu wa miaka minane alitaka ya sungura na fisi kila usiku, hata ukibadilisha neno moja anakurudisha. Watu wazima tunachoka tunataka kuleta mpya. Usilete. Nyumba yake imebadilika bila yeye kuulizwa, anataka kitu kimoja kiishe vilevile kilivyoisha jana.

Sasa kwa wewe unayejisomea peke yako, usiku, huna wa kukusomea. Soma kwa sauti. Najua ni ajabu kusikia sauti yako chumbani lakini jaribu siku tatu, macho peke yake yanateleza, ila ukisoma kwa sauti pumzi inabidi ifuate mistari na mwili unatulia, ndo maana mashairi ya Kiswahili yanafaa sana hapa, mizani zake zimeshakupangia wapi pa kupumua. Simu iweke mbali, ukisomea kwenye simu meseji moja tu ya pole inakutoa. Wiki zikishapita na ukajiona una nguvu kidogo, hapo sasa ndo sogea kwenye maandishi ya watu waliopita palepale ulipo. Shaaban Robert, mtu wa hukuhuku kwetu Tanga, alifiwa na mkewe Amina akamtungia shairi, na mjane yeyote au mgane akilisoma anajua huyu hakuhadithiwa. Ukiwa kwenye shida ya aina nyingine, umefungiwa, umeonewa, umetengwa, kuna Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya siasa na akawa anatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakaja kutoka kama kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki. Mi hicho nilikisoma mwezi wa tatu baada ya msiba, sio wa kwanza, na nashukuru sikuanza nacho. Ni kizito. Lakini kuna nguvu fulani unaipata ukijua mtu alikuwa hana hata karatasi na bado alikuwa na neno la kusema.

Hiki kitu wengine wamekipanga kabisa kama huduma, Uingereza kuanzia 2013 wana mpango ambao daktari anaweza kukuelekeza kitabu na wewe unakwenda kukiazima maktaba. Kwetu tuombeane tufike huko, ila maktaba zipo, mikoa mingi ina maktaba ya mkoa, na Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi. Nenda na kitambulisho, uliza ada ya uanachama, ukishaandikishwa unaazima. Wauza vitabu vya mitumba nao usiwapite kwa sababu ya vumbi, vitabu vya zamani vya Kiswahili ambavyo madukani havipo mara nyingi viko chini kabisa ya lile rundo, mwambie muuzaji jina na umwachie namba. Na jambo moja dogo ambalo watu wanasahau, miwani. Mama miaka mingi alikuwa anasema hapendi kusoma, kumbe haoni. Tulivyompimisha macho alipotoka eda ndo tukajua.

Halafu nisiache kusema hili, kitabu sio daktari. Mtu akipitisha wiki hali chakula, halali usingizi, hatoki kitandani, au anaanza kusema bora na yeye afe, usimletee kitabu kingine, mpeleke hospitali, waambie ndugu, usimwache peke yake usiku. Kusoma kunaweza kuendelea pembeni ya matibabu, kusiwe badala yake.

Mama alitoka eda siku ya Alhamisi. Tulikuwa tumeshaumaliza ule utendi mara mbili na nlikuwa nafunga begi nirudi Dar, nikakiweka kitabu juu ya nguo. Akakitoa. Akasema kuna mwenzie nyumba ya nne kutoka hapa kafiwa na mume wiki iliyopita, watu wake wameshaanza kutawanyika. Wiki iliyofuata alinipigia kuniambia miwani imefika, na nyuma ya sauti yake nikasikia mwanamke mwingine anamuuliza, "Tuliishia wapi?"